Namna ya Kuitembelea Jumuiya ya Kikristo Inayoishi kama Familia Moja

Wako Wakristo ambao hawaridhiki kukutana kanisani Jumapili kisha kila mmoja akarudi kwake. Wameamua kukaa pamoja siku zote: wanakula chungu kimoja, wanagawana kazi, watoto wao wanakulia chini ya macho ya wote, na katika baadhi ya jumuiya hizo hata kipato kinaingia katika mfuko mmoja. Neno "jumuiya" lina maana nyingi makanisani, kwa hiyo nieleweke mapema kwamba sizungumzii kikundi kinachokutana mara moja kwa juma kusali na kutawanyika. Nazungumzia watu ambao, ukigonga mlango saa nne usiku, utawakuta wote wamo humo humo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza, awe anatafuta mahali pa kuishi, anahitaji siku chache za kusali kwa utulivu, au anataka tu kujionea kama yale ya Matendo ya Mitume 2:44, ya walioamini kuwa "na vitu vyote shirika", yanawezekana kwa watu wenye watoto wanaolia usiku na zamu ya kuosha vyombo. Nimewahi kuwa mgeni katika jumuiya kadhaa, na makosa karibu yote niliyoyafanya yalitokana na kusahau jambo moja: pale ninapopaita jumuiya, wenyeji wanapaita nyumbani.

Kwanza: jua unakwenda kwa watu wa namna gani

Jumuiya hizi hazifanani, na aliyeona mbili asidhani amezijua kumi. Zipo ambazo mali yote ni ya pamoja. Wahutteri, kundi la Wakristo lililozaliwa Ulaya ya Kati, walianza kushirikiana mali huko Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1528, kiongozi wao Jakob Hutter akachomwa moto mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1536, na hata hivyo uzao wao unaishi vivyo hivyo hadi leo, hasa katika makoloni ya wakulima ya Kanada na Marekani. Bruderhof, iliyoanzishwa na Eberhard na Emmy Arnold katika kijiji cha Sannerz, Ujerumani, mwaka 1920, nayo haina mshahara wa mtu binafsi: anayeweka nadhiri hukabidhi alicho nacho, naye hupatiwa chakula, mavazi, matibabu na nyumba kutoka mfuko wa wote. Kwa upande mwingine kuna jumuiya ya Iona, ambayo George MacLeod aliianzisha Uskoti mwaka 1938. Wanachama wake walio wengi wanaishi kila mtu kwake, wakiunganishwa na kanuni ya maisha ambayo wanahesabiana juu yake, kuanzia sala hadi matumizi ya fedha. Anayekwenda huko akitarajia kukuta familia zote chini ya paa moja atakuwa amebisha mlango usio wake.

Tofauti hizo ndizo zinazoamua ziara yako itakuwaje. Huko Taizé, Ufaransa, ambako mwanzilishi wa jumuiya, Ndugu Roger, alifika mwaka 1940, wenyeji ni mabruda wa madhehebu mbalimbali, na wageni, wengi wao vijana, kwa kawaida hukaa juma zima, Jumapili hadi Jumapili. Utasali na mabruda mara tatu kwa siku, lakini utakula, utalala na kufanya kazi pamoja na wageni wenzako, wakati mwingine maelfu. Katika nyumba ya L'Arche hali ni nyingine kabisa, kwa sababu humo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi pamoja, na mwendo wa nyumba unafuata wale wenye ulemavu. Mgeni mwenye haraka huonekana mara moja. L'Abri, iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1955, inampokea mgeni kama mwanafunzi, anayeigawa siku yake kati ya kusoma na kufanya kazi.

Soma pia historia ya mahali husika, kwa kuwa historia hiyo inaeleza mengi ambayo hakuna atakayekueleza ukiwa mezani. Koinonia, shamba lililoanzishwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1942, liliwaketisha watu weusi na weupe kwenye meza moja wakati desturi ya eneo hilo ilikataza kabisa. Katika miaka ya 1950 lilipigwa risasi na mabomu, na wafanyabiashara wa jirani wakakataa kununua na kuuziana nalo. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini chakula cha mchana cha pamoja hakichukuliwi kama jambo dogo na watu wa pale.

Pili: piga hodi kwa barua

Usifike bila taarifa, hata kama umesoma mahali kwamba mlango uko wazi kwa wote. Mlango ukiwa wazi, bado kuna mtu anayepaswa kutandika kitanda, kuongeza maji kwenye sufuria na kujua kama unapokuja kuna mazishi, harusi au mafungo ya ndani ambayo wageni hawashiriki. Andika majuma kadhaa kabla, na kama ni kipindi cha Pasaka, Krismasi au likizo, andika miezi kadhaa kabla. Barua yenyewe isiwe ndefu. Inatosha kusema hivi:

"Ndugu wapendwa, mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 34, na sijaoa. Nimesoma habari za maisha yenu na ningependa, mkiniruhusu, kukaa nanyi siku nne mwezi ujao. Sina mpango wa kujiunga kwa sasa. Nataka kuona na kujifunza. Naweza kufanya kazi ya jikoni na ya bustani, ila mgongo wangu hauniruhusu kubeba mizigo mizito. Karanga zinanidhuru. Iwapo siku hizo haziwafai, nitafurahi mkinipangia nyingine."

Angalia kwamba barua hii imetaja mambo ambayo mwenyeji angeona haya kuyauliza: hali ya ndoa, kwa sababu malazi ya wasio na wenzi mara nyingi yanatengwa, afya, na nia ya kweli ya safari. Hilo la nia watu wengi hulificha. Anayeandika habari, anayefanya utafiti, anayekimbia ugomvi wa nyumbani na asiye na pa kulala wote wanaweza kupokewa, lakini kila mmoja anapokewa kwa namna yake, na wenyeji wakigundua baadaye kwamba uliwadanganya, hata maneno ya kweli uliyosema yatapoteza uzito. Ukijibiwa "si sasa", pokea jibu hilo kwa moyo mwema. Familia inayowaambia wageni "si sasa" mara mojamoja ndiyo itakayokuwa na nguvu ya kukukaribisha vizuri siku nyingine.

Tatu: pima siku zako

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kinachonifurahisha ni kwamba Wakristo wa mwanzo walifikia shauri hilohilo. Didake, mafundisho ya kale ya Kanisa ambayo wataalamu wengi wanayaweka katika karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, inasema msafiri apokewe siku mbili au tatu kama ni lazima, na akitaka kukaa, huku akiwa na ufundi, afanye kazi apate kula. Kwa ziara ya kwanza ninapendekeza siku nne hadi saba. Siku moja inakuonyesha ukarimu tu, kwa sababu siku ya kwanza kila nyumba ina tabasamu. Kuanzia siku ya nne wenyeji wanaanza kukusahau, na hapo ndipo unaposikia watu wakibishana nani aliacha toroli kwenye mvua.

Nne: funga mzigo mdogo, na uwe mwangalifu na zawadi

Chukua nguo za kazi ambazo hutasikitika zikichafuka, viatu imara, vazi la heshima kwa ibada, na dawa zako. Uliza mapema kuhusu mavazi, kwani ziko jumuiya ambako wanawake huvaa sketi ndefu na kufunika kichwa, na ingawa mgeni halazimishwi, ni vizuri usiwe wewe pekee mwenye kaptula mezani. Pombe, sigara na muziki wa kelele usivibebe mpaka uwe umeuliza.

Kuhusu zawadi, acha nikiri kosa langu. Katika jumuiya moja yenye mali ya pamoja nilimletea mtoto wa familia iliyonialika gari dogo la kuchezea, jekundu, lenye milango inayofunguka. Nilimpa mbele ya watoto wengine saba. Mama yake alitabasamu, akanishukuru, kisha akamnong'oneza mtoto, na baada ya chakula nililiona lile gari likiwa katika kikapu cha vitu vya kuchezea vya watoto wote, huku mtoto mwenyewe akiwa amesimama karibu na kikapu mikono nyuma, analitazama. Hakuna aliyenilaumu. Tangu siku hiyo ninaleta kitu kinachogawanyika kwa wote, na ninamkabidhi mhudumu wa wageni. Usimpe mtu mmoja fedha mkononi, hata kwa siri na kwa nia njema, kwa maana unaweza kuwa unamweka katika majaribu ya nadhiri yake. Ziko jumuiya, kama mabruda wa Taizé, ambazo hazipokei zawadi kwa ajili yao wenyewe kabisa na zinaishi kwa kazi ya mikono yao.

Tano: ingia katika mwendo wa nyumba

Ukifika, mtafute aliyepangiwa kukupokea, umwombe ratiba, na uulize mambo matatu: kengele zinamaanisha nini, ni wapi wageni hawaingii, na ni wakati gani watu hukaa kimya. Hilo la tatu limeniaibisha zaidi ya mara moja, kwani katika nyumba nyingi kuna saa za ukimya ambazo hazikuandikwa popote.

Mezani usikae mpaka uonyeshwe mahali. Katika makoloni ya Wahutteri wanaume na wanawake huketi upande tofauti. Kwingine kila familia ina meza yake. Kwingine mtu mmoja husoma kwa sauti huku wengine wakila bila kuzungumza, na anayetaka chumvi anaonyesha kwa mkono. Anza kula wengine wakianza. Pakua kidogo kwanza, kwani chakula kilichopikwa kwa watu sitini kimehesabiwa.

Sasa kazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini mgeni ambaye hakufanya kazi hajaitembelea jumuiya, ameitazama tu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa kale wa maisha ya watawa, katika sura yake ya 53, inaagiza wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, na wenyeji wenye roho hiyo watakuambia upumzike. Shukuru, kisha baada ya chakula simama uende jikoni. Karibu na karai la vyombo utasikia yale ambayo hayasemwi sebuleni. Nakumbuka jioni moja tulikuwa watatu: mzee mmoja akiosha, kijana akisuuza, mimi nikikausha. Yule mzee alikuwa akiuinua kila mwiko kuelekea kwenye taa, akiugeuza, na akiona alama yoyote anaurudisha majini, na kijana alikuwa akihema kwa hasira kila mwiko uliporudi. Sahani zikaanza kujaa. Mwishowe kijana akasema, kwa sauti ya kujizuia, "Baba, hiyo ni rangi ya mti." Mzee akautazama tena ule mwiko, akacheka, akaniwekea mkononi. Katika dakika ile nilijifunza mengi zaidi juu ya uvumilivu wa watu hawa kuliko katika mazungumzo yote ya juma lile.

Fanya kazi unayopewa kwa jinsi unayoelekezwa, hata kama wewe ni fundi hodari zaidi ya anayekuelekeza. Kama huiwezi, sema mapema. Na usijichoshe ili uonekane mwema, kwani ukiugua siku ya pili utakuwa umewaongezea wenyeji kazi ya kukuuguza.

Sita: ibadani, kaa kama mgeni mwenye adabu

Hudhuria sala zote unazoruhusiwa, hata ile ya alfajiri. Kama hujui nyimbo au ishara zao, simama wanaposimama na ukae wanapokaa, inatosha. Kabla ya kushiriki Meza ya Bwana uliza, kwa kuwa jumuiya nyingine zinawakaribisha wabatizwa wote na nyingine zinawapa waumini wao pekee, na aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko ya kurudishwa ukiwa tayari umesimama kwenye mstari. Mikutano ya wanachama ni faragha, usiombe kuingia.

Simu iache chumbani. Picha za watoto usizipige bila ruhusa ya wazazi wao, na usikae peke yako na mtoto asiye wako mahali pasipoonekana. Jumuiya makini watakuwa wamekuambia hayo kabla hujauliza.

Saba: uliza maswali mazito, kwa saa yake

Usiyatoe mfukoni siku ya kwanza. Siku ya tatu au ya nne, mkiwa mnamenya viazi au mnatembea, swali lolote la kweli linapokewa vizuri likiulizwa kwa unyenyekevu. Mimi huuliza kuhusu fedha: nani anazishika, nani anakagua hesabu, na mwanachama akihitaji viatu anafanyaje. Huuliza pia maamuzi yanafikiwaje, na ni lini mara ya mwisho kiongozi aliambiwa hapana akakubali. Huuliza wanavyogombana na kupatana. Hapa Bruderhof wana jibu lililoandikwa tangu mwaka 1925: aliye na neno juu ya mwenzake amwendee mwenyewe moja kwa moja, na asimseme nyuma yake. Ukikaa mahali penye agizo la namna hiyo, sikiliza kama linatendwa.

Swali linalofunua kuliko yote ni hili: "Walioondoka wako wapi, na mnaonanaje?" Kila jumuiya ina watu walioondoka. Pale ambapo majina yao yanatajwa kwa upendo, ambapo wanakuja kwenye harusi na mazishi, na ambapo kuna utaratibu wa kumsaidia aondokaye bila akiba kuanza maisha, kuna afya. Pale ambapo swali linaleta kimya, au wote walioondoka wanaelezwa kuwa waasi, weka alama moyoni.

Usikubali kutoa mali, kutia saini karatasi yoyote ya kukabidhi kitu, au kuweka nadhiri katika ziara ya kwanza. Katika Matendo ya Mitume 5, Petro alimwambia wazi Anania, aliyeficha sehemu ya bei ya kiwanja alichouza, kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hakijauzwa, na fedha zilikuwa mikononi mwake hata baada ya kuuzwa. Kosa lilikuwa uongo. Jumuiya inayomharakisha mgeni imekiuka mfano wake yenyewe. Vilevile shtuka ukizuiwa kupiga simu nyumbani, ukishikiwa kitambulisho au hati ya kusafiria, ukiambiwa siri za watu "kwa ajili ya maombi", au ukiona mtu mmoja ambaye neno lake halijadiliwi. Utakatifu wa mwanzilishi hautoshi kuwa dhamana. Jean Vanier, aliyeianzisha L'Arche mwaka 1964, alisifiwa duniani kote, na mwaka 2020, baada ya kifo chake, L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza, yaliyoonyesha kwamba aliwadhulumu kingono wanawake watu wazima chini ya kivuli cha malezi ya kiroho. Ninaitaja habari hii pia kwa sababu ya pili: walioitangaza ni wenyewe. Uliza mahali ulipo kama kuna mtu wa nje ambaye mwanachama au mgeni aliyedhulumiwa anaweza kumwendea.

Nane: kuondoka, na baadaye

Siku ya mwisho toa shuka na foronya, ukunje blanketi, ufagie chumba, na uulize nguo za kufua zinapelekwa wapi. Kama jumuiya ina kiwango cha mchango wa wageni, lipa bila kusubiri kukumbushwa. Kama hakuna, tia kitu katika kikapu cha wageni kwa kadiri ya uwezo wako. Waage watu mmoja mmoja, hasa wazee na wale mliofanya kazi pamoja, lakini usigeuze kuaga kwako kuwa hotuba.

Kama umeguswa na unafikiri kurudi kukaa, nenda nyumbani kwanza. Zungumza na watu wanaokujua, na wale wasiopenda wazo hilo wasikilize zaidi. Kisha omba ziara ya pili, ndefu, katika msimu wa kazi nyingi, wakati kila mtu amechoka na hakuna mwenye muda wa kukupendeza. Jumuiya zenye busara zina kipindi cha majaribio, na baada yake malezi ya miezi au miaka kabla ya ahadi ya mwisho, na katika kipindi chote hicho mlango wa kutoka unabaki wazi.

Barua ya shukrani iandike ndani ya juma moja, kwa nyumba nzima. Huenda ikasomwa mezani, watoto wakisikiliza, kwa hiyo taja vitu halisi: wimbo wa alfajiri, mkate, mtu aliyekuazima koti. Na kama kuna jambo lililokuudhi, liandike katika barua nyingine, kwa yule yule linalomhusu.